Huduma ya fundi seva hapa Dodoma: MySQL ilikuwa haisomi faili lake la setingi, nilichopata kwa laki moja na themanini

Nampa nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu ntaeleza mbele kwanini nimeibakiza. Jina lake siweki hapa, kaniomba mwenyewe kwa vile ana ajira ya mchana na hizi kazi za seva anazifanya jioni na jumapili, lakini nilichokiona kwake nataka wenye maduka wa Dodoma wakijue maana wengi tunatumia mifumo ya aina hii hii na wengi tunaambiwa maneno yale yale, seva imezeeka mama, nunua nyingine.

Sisi tuna duka la jumla la pembejeo na dawa za mifugo hapa mjini upande wa Majengo, na matawi mawili, Kibaigwa na Kondoa. Mfumo wa mauzo unakaa kwenye seva moja ipo chumba cha nyuma, inaendeshwa na Ubuntu 22.04, ramu giga 32, na databesi, yaani pale mauzo na madeni yote yanapotunzwa, ni MySQL 8.0. Kaunta 14 zinaingia humo na matawi yanaingia kwa VPN, ile njia ya faragha kupitia intaneti. Karibu miaka miwili haikuwahi kutusumbua. Af mwaka jana mvua ilipokaribia, mnajua huku mvua ni msimu mmoja tu, Novemba ikiisha watu wote wanataka mbegu ndani ya wiki mbili, alizeti, mtama, mahindi, wanatoka Bahi wanatoka Chamwino wanatoka Mpwapwa wamejaa mlangoni toka saa moja asubuhi, ndo mfumo ukaanza kuganda. Mteja kashika hela mkononi, dada wa kaunta anabonyeza hakuna kitu. Ripoti ya kufunga siku tuliyokuwa tunaipata kwa dakika 5 ikawa inachukua dakika 40, na mchana ikawa inatokea ile Too many connections, yaani waliounganishwa wamezidi, kaunta mbili tatu zinakataa kuingia kabisa mpaka wengine watoke.

Kwa kweli iliniuma. Mkulima aliyetoka Mpwapwa na basi la alfajiri huwezi kumwambia asubiri mtandao, akikosa mbegu leo na mvua ikanyesha kesho shamba lake limechelewa.

Mtoto wa kaka yangu ndo anayeshughulika na kompyuta zetu, kijana makini sana. Akasoma akagundua databesi imekua kubwa lakini MySQL imetengewa ramu kidogo mno ya kuhifadhia data inayotumika mara kwa mara, ile setingi inaitwa innodb_buffer_pool_size. Akasema shangazi hii ni ya kupandisha tu mpaka giga 20, tuna ramu ya kutosha. Nikamwambia pandisha. Kwenda kuandika kwenye faili linakataa kusevu, halina ruhusa. Tukampigia fundi wetu wa zamani, yule aliyetufungia seva, akasema kwenye simu andika sudo chmod -R 777 /etc/mysql, ni amri ya kubadilisha ruhusa za mafaili, halafu utasevu bila shida. Kijana akaandika, akasevu, akaristati MySQL, ikawaka vizuri bila kulalamika. Tukashukuru.

Hakuna kilichobadilika. Kesho yake fundi akaja mwenyewe, akafungua faili akaona 20G imeandikwa vizuri, akaristati tena, akazima mashine nzima akawasha, bado. Akaandika 24G, bado. Akapandisha na max_connections, ile idadi ya wanaoruhusiwa kuunganishwa kwa wakati mmoja, ikawa 300, bado kaunta zinakataliwa. Kijana naye usiku akatengeneza faili jipya akaliita duka.conf akaliweka kwenye folda ya conf.d inayowekwa setingi za nyongeza, bado. Siku ya nne fundi akaja na karatasi ya bei, seva mpya shilingi milioni 9 na laki mbili pamoja na kufunga, kwamba hii yetu imechoka haishiki tena setingi. Maneno hayo, haishiki setingi. Na mimi nilikuwa karibu kukubali, nilishaanza kuongea na mwenzangu tutoe wapi hiyo hela katikati ya msimu.

Aliyenipa namba ya huyu kijana mwingine ni mteja wetu. Kasoma pale UDOM, chuo cha informatiki, CIVE. Nikampigia jumatatu akasema anaweza jumatano jioni. Hapo ndo ile nusu nyota inapokatika, siku mbili za msimu ni nyingi, na mchana hapatikani kabisa hata kwa meseji. Nilimwomba aingie kwa mbali kupitia intaneti jumatatu ile ile usiku, akakataa, akasema seva ya hela za watu siigusi kabla sijaiona imekaaje na kabla sijachukua bakapu. Siku ile nilikasirika. Baada ya kuona alichokikuta nikaelewa.

Alikuja na bajaji saa kumi na mbili jioni, begi moja mgongoni. Shikamoo mama, marahaba, karibu maji, akasema ntakunywa baadae. Swali lake la kwanza halikuwa faili liko wapi. Aliuliza, mmejuaje kama seva haisomi faili? Kijana akamjibu, tumeandika giga 20 lakini ramu inayotumika haijabadilika. Akasema sawa, sasa tuiulize yenyewe. Na kabla ya kuuliza chochote akachomeka diski ya nje akatoa nakala ya databesi yote kwa mysqldump akiweka na single-transaction ili kaunta ziendelee kufanya kazi, ikachukua kama robo saa, wakati huo ndo akanywa maji.

Kisha akaingia ndani ya MySQL akaandika SHOW VARIABLES LIKE 'innodb_buffer_pool_size'. Jibu likatoka 134217728. Akamwambia kijana gawanya kwa 1024 mara mbili. Inatoka 128. Akasema megabaiti 128 ndo kiasi ambacho MySQL inajipangia yenyewe isipoambiwa kitu, kwa hiyo hapa si kwamba imekataa 20G yenu, haijawahi kuiona. Hilo peke yake lilinifungua macho, maana siku nne tulikuwa tunaangalia faili, tunalifungua tunalifunga tunalisoma kwa sauti, hakuna hata mmoja aliyeiuliza seva.

Akaandika mysqld --verbose --help akapeleka juu kabisa ya majibu, pale MySQL inapotaja inasoma mafaili gani na kwa mpangilio gani. Kwenye mashine yetu ilikuwa /etc/my.cnf kwanza, halafu /etc/mysql/my.cnf, halafu .my.cnf iliyoko kwenye folda ya yuza mwenyewe. Faili la mwisho kusomwa ndo linashinda kama setingi moja imeandikwa mara mbili. Na hapo hapo juu ya majibu kulikuwa na mstari tulioutafuta wiki nzima bila kujua, World-writable config file '/etc/mysql/my.cnf' is ignored. Yaani faili hili mtu yeyote kwenye mashine anaweza kuliandika, kwa hiyo nimeliacha.

Ile 777.

Niliuliza sasa kwanini iliache, si ingelisoma tu na kutuonya? Akanieleza kwa mfano nikaelewa mara moja. Mama, ukipeleka ofisi ya ardhi karatasi ya kiwanja ambayo kila aliyepita mezani kaweza kuandika juu yake, afisa atajuaje namba ipi ni ya kweli? Hataipokea, hata kama wewe hukuandika uongo wowote. MySQL nayo ndo hivyo, kwenye lile faili unaweza kuandika setingi kama init_file ambayo inaiambia seva ikiwaka iendeshe amri zilizo kwenye faili fulani, na zinaendeshwa kwa mamlaka ya seva yenyewe bila kuulizwa pasiwedi. Kama mtu yeyote mwenye akaunti kwenye mashine anaweza kuandika humo, basi mtu yeyote anaweza kuwa bosi wa databesi. Ndo maana wenye MySQL waliamua faili la namna hiyo lisisomwe kabisa. Sisi tunaoishi Dodoma habari za viwanja hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kuhusu hizo namba, maana kijana aliandika bila kujua na wengi wanaandika bila kujua. Namba ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ni ya kundi lake, ya tatu ni ya watu wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1, ukijumlisha zote ni 7. Sasa 777 ni kila mtu anafanya kila kitu. Kilichotakiwa ni 644, mwenye faili anasoma na kuandika, wengine wanasoma tu, na mwenyewe awe root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Na kusevu hilo faili kulihitaji kulifungua kwa sudo tu, yaani kwa mamlaka ya huyo root, neno moja, basi.

Kuna kitu kidogo alituonyesha ambacho naona kitawasaidia walioanza kujifunza. Ukiandika ls -l, amri ya kuonyesha mafaili na ruhusa zake, kwenye Ubuntu utaona /etc/mysql/my.cnf ina rwx tatu zote, yaani kila mtu anasoma, anaandika, anaendesha, kijana akaruka, hiyo hapo! Akamwambia hapana, hiyo ni kiungo tu, kinaelekeza kwenye faili jingine, na viungo huwa vinaonekana hivyo siku zote hata kwenye seva isiyo na tatizo. Weka ls -lL uone faili lenyewe. Ukiweka ndo unaona kweli, na letu lilikuwa wazi kweli. Na kwa kuwa hilo faili kuu ndo lenye mistari ya kuagiza mafaili ya conf.d na mysql.conf.d yasomwe, likiachwa lenyewe na hayo yote yanaachwa. Kwa hiyo duka.conf ya kijana isingesomwa kwa namna yoyote, tena ilikuwa na kosa lake, jina lazima liishie .cnf, la conf halichukuliwi. Na ndani yake alikuwa ameandika kichwa [mysql] badala ya [mysqld], na cha kwanza ni cha ile programu ya kuingilia, seva haikihusu.

Nilidhani hapo imeisha, rekebisha tuondoke. Yeye akaendelea kuchimba na hapa ndo nilipomheshimu.

Akafungua /var/log/mysql/error.log, ile logi, faili ambalo MySQL inaandika eraa zake. Mstari wa mwisho ulikuwa wa siku ile ile tuliyoandika chmod. Toka hapo hakuna kitu, kimya. Fundi wetu wa zamani aliliangalia hili faili pia, nakumbuka, akasema hakuna eraa yoyote hata moja, ndo akahitimisha kwamba ni mashine. Kumbe amri ya kuandika logi mahali pale nayo imo kwenye mafaili yale yale yaliyoachwa! Seva ilipoacha kuyasoma ikaacha na kuandika pale, ikawa inapeleka maneno yake kwenye jono ya mfumo, daftari la matukio la Ubuntu yenyewe. Akaandika journalctl -u mysql na yote yakatoka, kila tuliporistati, onyo lile lile, tarehe kwa tarehe, saa kwa saa. Siku nne seva ilikuwa inatuambia tatizo ni nini, sisi tunasoma daftari ambalo imeshaacha kuandika. Hii iliniingia sana, nilikaa kimya kidogo.

Halafu akaandika ss -tlnp, inaonyesha kila programu inasikiliza anwani zipi za mtandao, akaniita, mama njoo uone hapa. Kwenye setingi zetu za mwanzo MySQL ilikuwa inasikiliza anwani mbili tu, ya mashine yenyewe na ya ndani kwa ajili ya kaunta na VPN. Hiyo setingi ni bind-address. Kwa vile faili limeachwa, imerudi kwenye hali ya kuzaliwa ambayo kwa MySQL ni kusikiliza anwani zote. Wifi tunayowapa mawakala wa kampuni za mbegu wakija dukani imeunganishwa kwenye mashine ile ile kwa kadi ya pili ya mtandao. Maana yake kwa siku zile zote, simu ya mtu yeyote aliyekaa kwenye benchi letu na wifi ingeweza kubisha hodi mlango wa 3306, ndo mlango wa MySQL kwenye mtandao. Pasiwedi zilikuwepo, na alipitia akaona hakuna aliyeingia kutoka upande ule, lakini nilijisikia vibaya sana. Madeni ya wakulima, namba zao za simu, bei tunazonunulia, vyote vimo mle. Sisi tulikuwa tunalia na spidi tu kumbe kuna mlango wazi. Na fundi aliyetuambia tuandike ile amri kwa simu, sidhani kama anajua mpaka leo.

Kurekebisha kwenyewe hakukuchukua hata dakika 10. Chown, amri ya kubadilisha mwenye faili, kwenda root, mafaili 644, mafolda 755, duka.conf ikafutwa, setingi zetu zote zikawekwa kwenye faili moja lenye jina la .cnf chini ya [mysqld]. Aliangalia na systemctl cat mysql kuona kama kwenye mstari wa kuwashia hakuna mtu kaweka --defaults-file ikielekeza pengine, maana ikiwepo hiyo MySQL inasoma faili hilo badala ya haya ya /etc. Haikuwepo. Kisha kabla ya kuristati akaandika my_print_defaults mysqld, hii nimeipenda sana, inakutolea setingi za [mysqld] ambazo seva itazipata kwenye mafaili haya ya /etc, unaziona kabisa kabla hujagusa kitu. Zikatoka zote. Tukasubiri duka lifungwe, saa mbili usiku akaristati. SHOW VARIABLES tena, 21474836480. Giga 20 kamili. Kijana alipiga makofi.

Ila max_connections ilikuwa bado 60.

Hapa fundi wa kawaida angeanza kuristati upya. Huyu akacheka kidogo akasema hii si 151, na 151 ndo ya kuzaliwa kwa MySQL 8.0. Kwa hiyo 60 kuna mtu kaiweka kwa mkono, na faili linasema 300, tuulize nani kamshinda nani. Akauliza kwenye meza moja ya performance_schema, sehemu ambayo MySQL inatunza habari zake yenyewe, inaitwa variables_info. Hii meza ni hazina jamani. Unaiuliza setingi yoyote inakuambia imetoka wapi, kama ni ya kuzaliwa inasema COMPILED, kama ni kwenye faili inakutajia mpaka njia ya faili lenyewe. Kwa max_connections ikasema PERSISTED, faili /var/lib/mysql/mysqld-auto.cnf, yuza root, na tarehe, Machi ya mwaka uliotangulia, wiki ile ile tuliyofungiwa seva.

Mimi sikujua kama kuna faili kama hilo na kijana naye hakujua. Kumbe kuanzia 8.0 kuna amri inaitwa SET PERSIST, ukibadilisha setingi ukiwa ndani ya MySQL kwa amri hiyo inaiandika kwenye mysqld-auto.cnf ambalo linakaa pamoja na data yenyewe, halipo kabisa kwenye /etc. Na linasomwa baada ya mengine yote, kwa hiyo linayashinda yote. Ungeweza kuandika 300 kwenye my.cnf mpaka uchoke. Tofauti na SET GLOBAL ambayo inabadilisha kwa muda, ukiristati imekwenda. Faili hilo halihaririwi kwa mkono, akasisitiza, limeandikwa kwa mtindo wa JSON wenye mabano na koma za kufuata kanuni, na ukikosea koma seva inaweza isiwake. Unaondoa kwa RESET PERSIST max_connections. Akafanya hivyo, akaweka na SET GLOBAL 300 ili ianze kazi papo hapo bila kuristati mara ya pili. Kabla ya hapo aliuliza kwanza kwanini mtu aliweka 60, labda kulikuwa na sababu, ndo tukakumbuka wakati ule mashine ilikuwa na ramu giga 8 tu. Sababu ilikuwepo, ila imepitwa na hakuna aliyeandika popote.

Nilimuuliza kama tungetumia PostgreSQL, programu nyingine ya databesi, tusingepata shida hii. Akasema nako yapo, kuna ALTER SYSTEM inaandika kwenye postgresql.auto.conf na inashinda faili kuu vile vile, ila nako unauliza, SHOW config_file inakuonyesha anasoma faili gani, na pg_settings inakutajia faili mpaka namba ya mstari. Hakumsema vibaya yeyote, wala hakujaribu kutuhamisha ili apate kazi nyingine.

Matokeo sasa, maana hii ndo mnataka. Ripoti ya kufunga siku ilitoka dakika 40 ikawa dakika 4 siku iliyofuata. Too many connections haijaonekana tena mpaka msimu umeisha, na kulikuwa na siku Kibaigwa na Kondoa wote wamefurika. Lakini niwe mkweli, ripoti ya wadaiwa iliendelea kuwa nzito, dakika 11. Nilimpigia nikidhani kazi haikukamilika. Akaja jumapili mchana, akaangalia akasema hii si ya setingi mama, hii ripoti inapekua mauzo yote toka mwanzo kwa sababu hakuna indeksi, ile kama faharasa ya kitabu ya kupatia kitu haraka, kwenye namba ya mteja, na hiyo ni kazi ya waliotengeneza mfumo, mimi nikiiweka kimya kimya wakija kusasisha watachanganyikiwa. Akatuandikia maelezo tuwapelekee. Wameiweka, sasa ni sekunde. Kwa siku hiyo ya pili hakudai nyongeza, laki moja na themanini ilikuwa ya zote mbili, na nauli ya bajaji nilimlipia kwa kutaka mwenyewe.

Malalamiko mengine madogo. Siku ya kwanza aliondoka bila kuacha maandishi yoyote ya alichofanya, nikamwomba, akatuma baada ya siku tatu. Yalikuwa mazuri, kila amri na sababu yake, ila ningependa yatoke siku ile ile maana kama kitu kingeharibika katikati ya hizo siku tatu tusingejua pa kuanzia. Na anaongea haraka anapofanya kazi, lazima umsimamishe. Ukimsimamisha hakasiriki, anarudi nyuma anaeleza, hata mimi ambaye mambo yangu ni mbolea na dawa za kuogeshea ng'ombe nilifuata mpaka mwisho kama mnavyoona hapa.

Kama mnatafuta fundi wa databesi hapa mjini na huyu hamumpati, muangalieni anaanza na nini. Akianza kufungua faili na kuandika namba kubwa zaidi, mwambieni asubiri kwanza aiulize seva imesoma nini. Akiwaambia 777 kwa simu, kateni simu.

Seva ni ile ile, bado ipo chumba cha nyuma na vumbi letu la Dodoma tunalipuliza kila jumamosi. Milioni 9 na laki mbili zilinunua mbegu za alizeti. Wifi ya wageni tumeitenga kwenye ruta yake. Mwezi ujao anarudi kutuhamishia MySQL 8.4 kwa sababu 8.0 matunzo yake yalipangwa kukoma Aprili 2026, na ameshatuma orodha ya vitu anavyotaka tuandae kabla hajafika, cha kwanza diski tupu ya bakapu, cha pili majibu yote ya variables_info yaliyochapishwa kwenye karatasi. Kijana ameshayachapa, yako kurasa 14, ameyabandika kwenye kaunta buku na pembeni ya kila setingi isiyo ya kuzaliwa ameandika kwa mkono nani aliiweka, lini, na kwanini. Mbili hatujui bado zilitoka wapi, tumeziwekea alama nyekundu, tutamuuliza akija.